Mayai Meupe ya Kuku Mweusi

Niacheni jamani. Nina kunde za kuchambua hapa, wadudu wamezidi kunde zenyewe, na nyinyi mmenizunguka kama nzi kwenye kidonda. Hadithi, bibi, hadithi. Kwani hadithi ni togwa, mkiomba nachota tu? Tena mchana kweupe! Wazee wangu walisema anayesimulia mchana huota mkia. Sawa. Nikiota mkia nitawachapa nao.

Na nyinyi wakubwa mnaojifanya mnatengeneza jembe hapo ukutani, sogeeni. Hili neno ni lenu kuliko la hawa watoto.

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ndiyo sauti? Mmefiwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani hizo, kale kwelikweli, palikuwa na mji wa ndege wa kufugwa. Mfugaji hayupo. Alihama, alikufa, aliliwa, mimi sijui, hayumo katika hadithi yangu. Mji uliitwa Pumbani, maana pumba ndizo zilizokuwa nyingi. Humo waliishi kuku: weupe, wekundu, wa madoadoa, weusi. Waliishi njiwa. Aliishi kanga. Na waliishi mabata bukini, weupe pe, shingo ndefu, na hao ndio waliokuwa walinzi wa mji.

Mkuu wa walinzi aliitwa Afande Baragumu. Dume la bata bukini. Kifua mbele, mdomo juu. Akitembea unadhani ardhi imetandikwa kwa ajili yake.

Sasa tegeni sikio. Hao walinzi walianzaje? Hawakuanza kwa kukamata wezi, hata kidogo. Mabata bukini kutaga walitaga, lakini kuatamia hawakutaka. Kukaa juu ya mayai? Ah! Miguu inakufa ganzi, na bwawa linawaita. Basi mabata wa zamani, mababu wa mababu, wakakaa kikao. Wakasema, "Kuku weusi watuatamie."

"Kwa nini weusi?"

"Cheusi kinashika joto. Kila mtu anajua."

Kila mtu nani? Wao wenyewe.

Basi kuku mweusi akikamatwa anatiwa tengani, anafunikwa, anaatamia mayai ya bata mpaka kifua kinachubuka. Ya kwake yamelala majanini yanapoa, yanaoza. Lakini kuku ana miguu, hana mizizi. Akipata upenyo, mbio! Ndipo mabata wakaunda kikosi. Kazi ya kikosi ilikuwa moja tu, kumsaka kuku mweusi na kumrudisha tengani. Wakapewa filimbi. Wakapewa na wimbo:

Mweusi, mweusi, tokeza!
Tukuone, tukubane!
Ng'aa! Ng'aa! Ng'aa!

Miaka ikaenda. Kuku weusi wakagoma. Wakitiwa tengani wanakaa kando ya mayai, hawayagusi. Mayai yakaoza, mji mzima ukanuka, hata kula hakuliki. Wazee wa mji wakasema, basi, kuatamishana kumekwisha, kila mmoja alalie lake. Matenga yakachomwa moto.

Kikosi je? Kikosi hakikuchomwa. Kikosi kilibadilishwa jina. Sasa kiliitwa Kikosi cha Usalama wa Wote. Filimbi ile ile. Wimbo ule ule. Bata kijana akiingia kikosini anafundishwa, ukiona cheusi, bana. Ukimuuliza kwa nini, hajui. Aliyemfundisha naye hajui. Anajua kubana tu.

Basi wakabana! Walibana sufuria ya njiwa kwa sababu ina masizi. Ikakaa ndani siku nyingi, njiwa anakula mtama mbichi. Walibana kivuli cha mti asubuhi; jua lilipofika utosini kivuli kikapungua, wakaandikiana lawama kwamba mtuhumiwa ametoroka. Kuku mmoja mweupe alikuwa na unyoya mmoja mweusi mkiani. Wakaung'oa. Wakamwambia, "Wewe mama nenda nyumbani, wewe huna tatizo. Unyoya wako ndio una kesi." Na kanga, masikini, mwenye weusi wake na vidoadoa vyake vyeupe, alikuwa akikamatwa akigeuka huku, anaachiwa akigeuka kule. Akajifunza kutembea kwa kuzunguka kama pia.

Mnacheka. Chekeni. Kanga hakucheka.

Mwizi alikuwepo, tena wa kweli. Kenge. Kila mtu anamjua. Mkia kama mjeledi, ulimi nje, njaa haimwishi. Alikula mayai ya mji huo kwa foleni. Lakini Kenge ana rangi ya majivu na manjano, si mweusi. Basi anapita mbele ya walinzi, kwara kwara kwara, na yai mdomoni.

"Shikamoo, Mzee Kenge," anasema Koplo, yule bata aliyesimama lindo.

"Mahaba," anajibu Kenge, maana mdomo umejaa.

"Umebeba nini, mzee?"

"Yai."

"Pole na mzigo. Nikusaidie?"

Na anamsaidia!

Hapo ndipo anapoingia Bi Sikudhani. Kuku mweusi, mweusi ti, hana doa. Bibi yake alitiwa tengani, mama yake alikimbizwa kwa filimbi. Yeye mwenyewe mkali, haongei sana, lakini akiongea unatafuta pa kujificha. Mayai yake ya msimu uliopita yaliliwa. Ya msimu wa kabla ya huo yaliliwa. Safari hii akajitengenezea kiota nyuma ya ghala, akakipamba kwa majani makavu na sufi, akataga, akalala juu. Akasema, mwaka huu nitasikia *piu piu* mlangoni kwangu, hata iweje. Hicho tu ndicho alichotaka duniani. Hakutaka ufalme.

Sasa Pumbani kulikuwa na desturi, kama ilivyo kwetu. Mtu akipatwa na jambo anapiga yowe. Yowe likipigwa, hakuna cha kunawa mikono, hakuna cha kufunga mlango. Kila aliye na mguu anakuja, na alichonacho mkononi.

Siku moja asubuhi, kwara kwara kwara. Kenge huyo. Bi Sikudhani ameinuka kidogo kunywa maji. Fyo! Yai moja limekwenda.

Bi Sikudhani akapiga yowe. "Kwekwekwekweee! Mwizi! Mwizi jamani! Kenge kwangu!"

Mji ukaja. Kuku wakaja, njiwa wakaja, kanga akaja kwa kuzunguka. Na walinzi wakaja mbele ya wote, *Ng'aa! Ng'aa!* na wimbo wao. Afande Baragumu akasimama, akatazama. Hapa Kenge, ute unamtiririka kidevuni. Hapa kuku mweusi, amesimama juu ya mayai.

"Wewe," Afande akamwambia kuku. "Haya mayai ni ya nani?"

"Yangu."

"Yako kivipi?"

"Kivipi? Nimeyataga!"

"Nani alikuona ukitaga?"

"Afande, wewe mama yako alitaga mbele ya mkutano?"

Watu wakaguna. Afande akavimba shingo.

"Usinijibu jeuri. Mayai haya ni meupe. Wewe ni mweusi. Kitu cheupe hakitoki ndani ya kitu cheusi. Umeyaiba."

"Mayai yote ni meupe, mwanangu! Ulitaka nitage mkaa?"

"Koplo! Ameshakiri kwamba ni meupe. Mbane."

Wakambana. Mabawa papatu papatu, ikawa vumbi. Kanga akapaza sauti, "Lakini Afande, Kenge huyo hapo! Ana ganda kwenye meno!"

Afande akamgeukia Kenge. "Mzee, umeona chochote?"

"Nimeona kila kitu," akasema Kenge. "Nimesikitika sana."

"Wewe ni raia mwema. Mayai haya sasa ni vielelezo. Hatuna pa kuyaweka, kituoni pana sufuria. Tunaomba utusaidie kuyatunza mpaka siku ya kesi."

"Mimi?"

"Na kiota chake pia, ni kielelezo."

Kenge akalia machozi ya furaha. Akayabeba. Na wakamvisha nishani, kibati kimefungwa uzi shingoni.

Siku ya kesi ikafika. Walinzi wakauliza, "Vielelezo viko wapi?" Kenge akapiga mbweu. Wakasema hakuna ushahidi, kuku aachiwe. Bi Sikudhani akatoka. Akapita nyuma ya ghala. Hapana yai, hapana kiota, hapana hata jani. Hakulia. Akasimama pale mpaka kivuli chake kikamzunguka, kisha akaenda kutafuta kula.

Tangu siku hiyo, sikilizeni sana, yowe likafa Pumbani.

Nani apige? Ukipiga, walinzi wanakuja. Wakija, wanakubana wewe. Kuku mweusi akiibiwa ananyamaza. Kuku mwekundu akiibiwa anatazama kulia, anatazama kushoto, ananyamaza. Hata kuku weupe wakanyamaza, maana nao waliona kwamba Kenge hachagui yai, na aliyeitwa kumzuia anamwamkia shikamoo. Kimya mji mzima. Kenge akanenepa mpaka tumbo likawa linafagia njia.

Walinzi wakaanza kushangaa. Afande Baragumu akapita nyumba kwa nyumba.

"Njiwa, jana kuna kitu kilipita hapa. Umeona nini?"

"Mimi? Nilikuwa nimefumba macho."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima. Nayapumzisha."

"Kanga, wewe?"

"Nilikuwa nazunguka, Afande. Unaona mambo yote yanakwenda tu, huwezi kushika moja."

"Kwani mna nini na sisi?" Afande akauliza, na alikuwa ameumia kweli. "Sisi tunawalinda!"

"Tunashukuru," akasema njiwa. "Sufuria yangu inaendeleaje?"

Wakarudi kituoni wakafanya kikao. Tatizo ni nini? Je, ni wimbo? Hapana, wimbo ni mzuri. Ni filimbi? Hapana, filimbi ni ya babu. Wakaona tatizo ni kwamba hawatabasamu. Basi wakatangaza Wiki ya Kutabasamu na Raia. Mmeshamwona bata akitabasamu? Hana midomo ya kutabasamia. Akifungua mdomo unaona meno yale madogo ya pembeni, na ulimi wa miiba. Wakapita barabarani wamefungua midomo hivi, *haaa*, watoto wa kuku wakakimbilia uvunguni wakaharisha siku mbili.

Kipupwe kikaingia. Upepo wa baridi, wa kukata. Bi Sikudhani akawa na mayai tena. Ya mwisho hayo, umri umekwenda. Safari hii hakupata sufi wala majani makavu. Aliyalaza kwenye udongo mtupu, chini ya mbao zilizooza. Akikaa kushoto, ya kulia yanapoa. Akikaa kulia, ya kushoto yanapoa. Anahama siku nzima kama mtu mwenye upele. Alijua wazi, baridi hii ikiendelea, hatoki kifaranga hata mmoja.

Na Kenge? Viota vya kuku vyote alivyovijua alishavikausha. Akawaza, mayai makubwa mji huu yako wapi? Yako kwa Afande.

Mchana, jua limewaka lakini halina moto, kwara kwara kwara, Kenge akaingia nyumbani kwa Afande Baragumu na nishani yake shingoni. Mkewe Afande yuko bwawani. Fyo! Moja. Afande akatokea mlangoni akamkuta.

"Mzee Kenge! Unafanya nini?"

"Natunza vielelezo," akasema Kenge. Fyo!

Afande akapiga yowe. Yowe la bata bukini si mchezo, majani yalidondoka mitini. "Ng'aaaa! Mwizi! Jamani! Nakufa mimi!"

Kimya.

Njiwa akafumba macho. Kanga akazunguka akaelekea upande mwingine. Kuku wakaendelea kuchakura. Hakuna aliyetoka, si kwa chuki wala nini. Walishajifunza tu.

Waliokuja ni walinzi wake mwenyewe. *Mweusi, mweusi, tokeza!* Wakaingia, wakatazama kushoto, wakatazama kulia, wakainama uvunguni.

"Afande," akasema Koplo, "tumetafuta. Hakuna mweusi hapa."

"Ni Kenge, mjinga wewe! Huyo hapo!"

"Huyo ni raia mwema, Afande. Nishani ulimvisha wewe."

"Anakula mayai yangu!"

Koplo akakunja uso, akakumbuka mafunzo. "Haya mayai ni ya nani?"

"Yangu!"

"Nani alikuona ukitaga?"

"Mimi ni dume!"

Koplo akawatazama wenzake. "Ameshakiri hakutaga. Afande, samahani, inabidi yatunzwe na raia mwema mpaka siku ya kesi."

Kenge akasema, "Mimi nipo." Fyo!

Afande Baragumu akatoka mbio. Mbio za bata, puta puta puta, tumbo linagonga chini. Akaenda mpaka kwenye mbao zilizooza.

"Bi Sikudhani! Bi Sikudhani, nakuomba. Piga yowe. Mimi wamekataa kunijia. Wewe watakujia."

"Nimesikia kelele," akasema kuku. Hakuinuka.

"Mayai yangu yanaliwa!"

"Nimesikia. Na mimi nilisikia yangu yakiliwa. Masikio yangu hayana ubaguzi."

"Nitakupa chochote!"

"Chochote ni neno la mtu anayetaka kusahau. Nitakwambia ninachotaka. Kiota changu mlikichukua. Kipupwe hiki. Mayai yangu yamelala kwenye udongo kama mawe. Nataka manyoya laini ya kifua chako. Yote. Na si kwangu tu, kwa kila aliyebanwa bure."

"Kifua changu? Nitabaki vipi?"

"Utabaki hai. Bibi yangu alichubuka kifua kwa mayai ya bibi yako."

"Hayo ni ya mababu! Mimi sikuwepo!"

"Filimbi hiyo shingoni ulinunua?"

Afande akaishika filimbi. Hakununua.

"Umeirithi filimbi, rithi na mambo yake. Amua haraka, naona Kenge hana haraka ila yai lina mwisho."

"Nakubali! Nakubali!"

Bi Sikudhani akayafunika mayai yake kwa udongo, akapanda juu ya mbao. "Kwekwekwekweee! Jamani! Kenge!"

Papatu papatu papatu! Mji ukafunguka. Kuku weusi wakatoka, wekundu, weupe, njiwa wakamwagika kama mtama, kanga akaja mbio, safari hii moja kwa moja. Wakamiminika kwa Afande. Koplo kuona hivyo, akapuliza filimbi.

"Afande! Weusi! Wamekuja wengi, tena wenyewe!"

"Si hao!"

"Ni weusi, Afande!"

"Najua ni weusi!"

"Basi?"

"Basi nini? Kaa chini!"

Koplo hakuelewa. Masikini, kichwa kilikuwa na chumba kimoja, na hicho kimepangishwa. Afande ikabidi awakalie walinzi wake mwenyewe, mmoja chini ya tako, wengine chini ya mabawa, huku ndege wanampa Kenge haki yake. Macho, pua, mkia, mdomo wa kuku haukuchagua. Kenge akatoka bila nishani na bila ncha ya mkia, akaenda zake porini, na mpaka leo akisikia kuku anatetea hugeuza njia. Yai moja la Afande lilipona.

Asubuhi iliyofuata Afande Baragumu akaja uwanjani. Amevaa vizuri, amejipaka mafuta. Akakohoa.

"Ndugu raia. Kwa niaba ya kikosi, tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza."

"Usumbufu," akasema Bi Sikudhani.

"Ndiyo. Tunaomba samahani."

"Samahani yako nikiiatamia, itaangua kifaranga?"

Afande akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna aliyemtabasamia. Akalala chali.

Kabla sijawaambia malipo, shikeni neno, wakubwa na wadogo, nisije nikasema kesho mliondoka na kicheko peke yake. Mlinzi anayemkamata mtu kwa rangi ya ngozi yake, mwizi anampita pembeni akisalimiwa. Na watu wakishachoka kubanwa kwa kupiga yowe, hawarudishwi kwa tabasamu wala kwa maneno laini. Wanarudi ukiwalipa ulichowachukulia, na kuacha kuchukua. Hakuna njia nyingine. Ingekuwepo mabata wangeiona, maana waliitafuta sana.

Haya. Alilipa hivi. Bi Sikudhani aling'oa wa kwanza. Nyo! "Ng'aa!" Nyo! "Ng'aa!" Akajaza mdomo, akaenda kutandika chini ya mbao, akarudi. Kisha kanga akang'oa fungu lake. Kisha yule kuku wa unyoya mmoja, yeye akang'oa mdomo tele, akasema ni pamoja na riba. Kisha njiwa. Kisha kuku weusi wote, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Afande Baragumu akainuka na kifua kitupu, chekundu, kina vipele kama kuku aliyetolewa kwenye maji ya moto, na kipupwe kinavuma. Filimbi ikamgusa kwenye ngozi, baridi, akaivua mwenyewe akaitupa bwawani. Na manyoya yalipoota tena msimu uliofuata, aliitwa tena, akaja, akalala chali, maana mababu zake walichukua misimu mingi. Hadithi yangu naiacha hapo, kifuani kwa bata, na mwenye baridi ni yeye.